Jinsi ya kufifisha picha ya bidhaa ili bei na Lipa Namba visomeke

Leo tunafundishana kufifisha picha. Yaani picha inaonekana vizuri upande mmoja, halafu inapungua taratibu, inapungua, mpaka inayeyukia kwenye rangi tupu bila kuacha mstari. Pale ilipoyeyukia ndipo unapoandika bei, namba ya simu na Lipa Namba.

Kwa nini tusumbuke na hili? Fungua status za watu wanaouza kamba wa delta uangalie. Picha imejaa kamba kona hadi kona, juu yake kuna maandishi ya njano yenye kivuli chekundu. Sasa kamba ana miguu, ana sharubu, ana macho, mgongoni ana mistari. Ukiandika namba juu ya vurugu hiyo, 3 inasomeka 8, 1 inasomeka 7, na 6 inaungana na sharubu. Mteja wako yuko Mbagala ndani ya daladala, mwanga wa simu ameushusha anaokoa chaji. Anakosea tarakimu moja ya Lipa Namba. Kama ni mtu makini ataona jina lililotokea sio lako, atasitisha. Kama sio makini, hela imeenda kwa duka la mtu mwingine, na atakayepigiwa simu ya lawama ni wewe. Wengine hata hawafiki huko. Wanaona tangazo halisomeki, wanapita zao.

Wengi wanatatua hili kwa kuweka boksi jeusi nyuma ya maandishi. Inasomeka kweli, lakini boksi limefunika nusu ya mzigo, na picha yote inaonekana imebandikwabandikwa. Kufifisha kunakupa nafasi ya kuandika na mzigo wako unabaki unaonekana.

Kitu tutakachotumia kinaitwa maski. Fikiria umelaza karatasi juu ya picha yako. Karatasi hiyo ikiwa nyeupe, picha yote inaonekana. Ikiwa nyeusi, picha yote inafichika. Ikiwa kijivu, picha inaonekana nusunusu, kama kitu kilicho nyuma ya chandarua. Ndiyo kanuni yote: nyeupe inaonyesha, nyeusi inaficha, kijivu ni katikati. Karatasi yenyewe huioni kwenye tangazo, unaona kazi yake tu.

Sasa gradienti ni rangi inayohama taratibu, kwa mfano kutoka nyeusi kwenda nyeupe. Ukiimwaga gradienti kwenye maski, upande mmoja wa picha unafichika kabisa, upande wa pili unaonekana kabisa, na katikati panafifia. Hakuna uchawi mwingine. Wapiga picha wa zamani, kabla ya kompyuta, walikuwa wanafanya hivyohivyo kwa kipande cha karatasi ngumu kilichotobolewa tundu, wanakizuia juu ya karatasi ya picha wakati wa kusafisha ili mwanga ufifie pembeni. Zile picha za kale ambazo uso uko katikati na pembeni panaishia kama ukungu, zilitoka hivyo.

Mtu ataniuliza, kwani si naweza kutumia kifutio laini nikafuta upande mmoja? Unaweza. App nyingi za simu zina kifutio chenye kingo laini. Shida ni kwamba ukishafuta na kuhifadhi, kilichofutwa kimeondoka. Maski haifuti kitu. Picha yako iko nzima chini, imefunikwa tu, na kesho ukitaka unaifunua. Kwa sisi wa huku hilo ni kubwa, kwa sababu bei zetu hazikai. Bamvua likiingia mzigo unakuwa hivi, maji mafu yakija unakuwa vingine, na bei inafuata humo humo. Wewe unataka tangazo moja ambalo asubuhi unalifungua, unabadilisha bei, unasogeza ukungu kidogo kama maneno yameongezeka, unarusha. Hutaki kuanza upya kila Jumatatu.

Programu. Natumia Photopea, na nawashauri mwanze nayo. Haipakuliwi, unaandika photopea.com kwenye kivinjari cha simu au kompyuta inafunguka. Ni ya bure, inajilipia kwa matangazo ya pembeni. Ilianzishwa 2013 na jamaa mmoja anaitwa Ivan Kutskir, na inafanana sana na Photoshop. Kitu kizuri kwetu sisi wa mabando ya kubahatisha: kazi yote inafanyika ndani ya kifaa chako, picha haipandishwi kwenye seva yao. Ukishaifungua, bando likikata katikati unaendelea na kazi, mradi usiufunge ukurasa. Kwa simu, ilaze simu upande upate nafasi, kwa sababu vitufe ni vidogo kweli. Kama kuna steshenari jirani yenye kompyuta na mwenye duka ni mtu wenu, somo la kwanza lifanyie huko kwenye kompyuta. Ukishaelewa, simu haitakusumbua. Maneno ya vitufe nayaandika kama yalivyo kwenye skrini ili msipotee.

Twende kazi. Tuchukue tangazo la kamba kwa ajili ya status ya WhatsApp.

Fungua File, halafu New. Upana weka 1080, urefu 1920. Hicho ndicho kimo kinachojaza skrini ya status. Inakuja karatasi nyeupe. Rudi File, chagua Open & Place, ichukue picha yako ya kamba. Itakaa juu ya karatasi nyeupe kama leya ya pili. Leya ni kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine: wa juu unaufunika wa chini. Ivute picha mpaka ijaze upana wote, uisogeze chini, ili juu pabaki karibu theluthi moja tupu. Hapo juu ndipo maneno yatakaa. Chini kabisa usiweke maneno, kwa sababu status ina sehemu ya kujibu inayokuja kufunika, na juu kabisa linakaa jina lako na ile mistari ya muda. Acha kama pikseli 250 juu na 250 chini bila kitu cha muhimu.

Kabla ya maski, tafuta rangi ya hapo patupu. Msiache nyeupe kwa mazoea. Picha ya kamba kwenye sinia ikiyeyukia kwenye nyeupe inaonekana imepauka, kama imepigwa jua. Chukua alama ya kidonyezi, ile inayonyonya rangi, gusa sehemu ya giza iliyo juu kwenye picha yenyewe: kivuli cha beseni, maji, ubao wa ngalawa, kijani cha mikoko nyuma. Rangi imeshaingia. Gusa leya ya chini, ile Background, chukua ndoo ya rangi uimwage. Kidole kikibaki kwenye alama ya gradienti, ndoo inatokea, zimekaa sehemu moja. Sasa patupu pana rangi iliyotoka ndani ya picha yako, na ukungu ukipita hapo jicho halitashtuka. Rangi ikiwa ya giza, maandishi yawe meupe. Usichague rangi ya katikati, ile isiyo giza wala mwanga, maana hapo nyeupe haisomeki na nyeusi haisomeki.

Sasa maski yenyewe. Gusa leya ya picha ya kamba. Nenda Layer, halafu Raster Mask, chagua iliyoandikwa Reveal All. Angalia kwenye orodha ya leya: pembeni ya kipicha cha kamba kimetokea kimraba cheupe. Hicho ndicho maski. Nyeupe yote, kwa hiyo kwenye picha hakuna kilichobadilika. Kiguse hicho kimraba kiwe na fremu. Narudia, kiguse. Asilimia kubwa ya watu wanaonipigia kusema "dada picha imegeuka nyeusi" wamemwaga gradienti kwenye picha badala ya kwenye maski. Ikikutokea, rudisha nyuma hatua moja, gusa kimraba, endelea.

Chukua gradienti. Rangi mbili ziwe nyeusi na nyeupe. Kwenye kompyuta bonyeza herufi D zinajipanga, na kama nyeupe ndiyo iko mbele bonyeza X zinabadilishana. Kwenye simu gusa kisanduku cha rangi uchague mwenyewe, ya mbele iwe nyeusi. Pale juu hakikisha gradienti ni ya mstari ulionyooka, sio ya duara. Weka kidole au kipanya karibu na ukingo wa juu wa picha, buruta kushuka chini kama robo ya picha, achia. Picha imeyeyuka juu. Hujaipenda? Buruta tena, ile mpya inaifuta ya kwanza. Buruta hata mara ishirini, picha haiumii.

Sasa hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo kazi nzuri na kazi mbaya zinapoachana.

Unaanzia wapi kuburuta? Watu wanaanzia nje ya picha, huko juu kwenye rangi tupu. Maana yake weusi kamili umeishia huko nje, na unapofika kwenye ukingo wa picha tayari ni kijivu. Kijivu kinaonyesha nusu. Kwa hiyo ukingo wa picha unaonekana, unapata mstari mkali katikati ya ukungu, unabaki kushangaa umekosea wapi. Dawa: anzia ndani ya picha, chini kidogo ya ukingo, ili ukingo wenyewe uwe umefichwa kabisa kabla kufifia hakujaanza.

Unaishia wapi? Ukiburuta kifupi sana, unapata kama ukuta, sio ukungu. Ukiburuta kirefu sana, ukungu unafika mpaka kwenye bidhaa na kamba wako wanaonekana wamelala, kama wa juzi. Mimi naishia pale bidhaa ya kwanza inapoanza. Sinia, meza, mchanga, maji, vyote hivyo ni halali kuliwa na ukungu. Bidhaa hapana.

Na kama kuna kamba mmoja kichwa chake kimeingia kwenye ukungu, usirudie yote. Maski bado umeigusa? Chukua brashi, ichague laini, kubwa kiasi, rangi nyeupe, mpitie yule kamba taratibu. Anarudi. Ukipitiliza, geuza rangi iwe nyeusi, pitia tena, anafichika. Unaweza ukawa na ukungu nyuma na kichwa na sharubu vinachomoza mbele yake. Hapo tangazo linakuwa na uhai, na kifutio cha kawaida hakikupi hiyo.

Ukitaka kufifisha pande mbili, tuseme juu na kushoto, gradienti ya kawaida itakusumbua kwa sababu kila unayoburuta inafuta ya mwanzo. Gusa ile picha ya gradienti pale juu, uchague inayotoka nyeusi kwenda kwenye uwazi, ile yenye vimraba vya kijivu kama draftibodi. Hiyo haifuti, inaongeza. Ila nawaambia ukweli, pande mbili zinatosha. Wanaofifisha pande zote nne, picha inaishia kama kumbukumbu ya marehemu.

Mnaotumia GIMP kwenye kompyuta, nayo ni ya bure tangu 1996, mambo ni yaleyale. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya leya, Add Layer Mask, chagua nyeupe, chukua gradienti, buruta, halafu bonyeza Enter ili ikubali. Wengi wanasahau hiyo Enter.

Sasa tuongee kuhusu ukungu uanguke wapi, maana hili halimo kwenye video za kina Mzungu. Wao wanafifisha picha za mandhari na magari. Sisi tunauza vitu ambavyo mteja anavikagua kwa jicho kabla hajatuma hela, tena mteja mwenyewe hatakuja kuvishika.

Kamba anakaguliwa kichwa. Kichwa kikianza kuwa cheusi mteja anajua mzigo umekaa. Kwa hiyo ukifififisha vichwa, hata kama kamba wako wametoka majini alfajiri, mteja mzoefu anajiuliza unaficha nini. Wapange vichwa upande wa mbali na maneno. Kaa anakaguliwa magando, yote mawili yaonekane mpaka mwisho. Korosho inakaguliwa uzima, nzima ngapi vipande vingapi, na vipande siku zote vinashukia chini ya bakuli. Usifanye chini ya bakuli ndiyo sehemu yako ya ukungu.

Mama zangu wa mikeka, nyie ndio nawaomba zaidi. Mkeka wa ukindu mteja anaangalia vitu viwili, jinsi kili zilivyoungwa na jinsi pindo lilivyomaliziwa. Na pindo ndilo linalokuwa pembeni ya picha, ndilo la kwanza kuliwa na ukungu. Mkifuata somo hili kama lilivyo kwa kamba mtaharibu. Kwa mkeka, piga picha umeutandika au umeuning'iniza, uache ukuta au sakafu ya kutosha pembeni yake, halafu ukungu ule ukuta. Kama picha umeshaipiga na mkeka umejaa kona zote, usiifififishe. Weka maneno kwenye picha ya pili.

Kwa hiyo kazi inaanza wakati wa kupiga. Ukiwa Nyamisati au hapo Kibiti barabarani, kabla hujabonyeza jiulize maneno yatakaa wapi, rudi hatua mbili nyuma, acha nafasi upande huo. Anga la asubuhi juu ya mto linafifia vizuri sana, halina fujo. Meza ya mbao nayo nzuri. Pazia la maua usijaribu.

Kuna kitu kimoja sifundishi, hata mkiniuliza. Kuna wanaochukua picha ya mzigo wa mtu, wanafifisha kona ili jina la duka la mwenzao lipotee, wanaandika lao. Na kuna wanaofifisha sehemu iliyooza. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na haijali kama umempotosha kwa mdomo au kwa maski. Lakini hata bila sheria, mteja wa Dar akishafungua boksi akakuta vichwa vyeusi ambavyo kwenye picha vilikuwa kwenye ukungu, hakudai wewe peke yako. Anaacha kuagiza kwetu wote.

Tumalizie. Andika maneno juu kwenye rangi tupu. Bei kubwa, Lipa Namba inafuata, na jina linalotokea kwenye Lipa Namba liandike chini yake, ili mteja alinganishe kabla hajaweka namba ya siri. Tarakimu zitenganishe kwa nafasi, mbilimbili au tatutatu, zisiwe mnyororo mmoja. Herufi ziwe za kawaida, zile za kupindapinda waachie wa kadi za harusi.

Halafu shusha mwanga wa simu yako mpaka karibu na chini kabisa, nyoosha mkono, soma namba. Ukisita hata tarakimu moja, ongeza weusi au ongeza ukubwa.

Kuhifadhi ni mara mbili. Ya kwanza ni File, Save as PSD. Hiyo ndiyo faili ya kazi, ina leya zote na maski yako, ndiyo utakayofungua ukibadilisha bei. Iite jina linaloeleweka, kama "kamba status", uitunze. Ya pili ni File, Export as, JPG. Hiyo ndiyo ya kurusha. Angalizo: JPG haijui uwazi. Kama ulisahau kumwaga rangi kwenye leya ya chini, au uliizima, pale palipofifia hapatabaki wazi, patajazwa rangi ambayo hukuichagua. Ukitaka kweli pabaki wazi, kwa mfano unataka kuiweka picha iliyofifia juu ya kadi nyingine, toa PNG.

Mwisho, ngazi. Ukirusha status unaweza kukuta ukungu wako uliokuwa laini umegeuka mistarimistari, kama ngazi za rangi. Hujakosea. WhatsApp inabana picha ili iwe nyepesi, na rangi inayohama taratibu ndiyo ya kwanza kuumia. Rudi kwenye PSD, gusa leya ya rangi tupu, nenda Filter, Noise, Add Noise, weka kidogo sana, asilimia 1 au 2. Inamwaga chengachenga ambazo jicho halizioni, lakini zinavunja zile ngazi. Toa JPG nyingine, rusha. Na kama unamtumia mtu wa kuchapa bango, usimtumie kama picha, mtumie kama dokyumenti, ifike bila kubanwa.